Kufuta fishie kupitia kiungo kwenye Linux: kinachobaki na kinachopotea

Kwenye ordinatere zenye kutumia Linux, mtu anaweza kufuta kitu akifikiri ni kivuli chake tu, kumbe amefuta chenyewe. Kwa mkaaji wa Kinsevere, kilometa karibu 30 kaskazini mwa Lubumbashi, kosa hilo linaweza kumaanisha safari ya mjini kutafuta fundi, na picha za harusi ao mahesabu ya duka yasipatikane tena.

Chanzo ni kiungo: fishie ndogo ambayo ndani yake mna njia tu ya kufika kwenye fishie ao dosie ingine. Mfumo wa Unix wa 4.2BSD ulikuwa navyo tangu 1983, na Linux, iliyoanza 1991, inavitumia vilevile.

Kiungo ni sawa kibao chenye kuonyesha nyumba. Ukingoa kibao, nyumba inabaki. Lakini ukifuata kibao, ukaingia na kutupa vyombo, vyombo vimekwenda. Basi ukifuta kiungo bila kukifungua, dosie ya kweli haiguswi. Ukikifungua na kufuta picha zilizo ndani, unafuta picha zenyewe. Mara nyingi programu ya kupanga fishie inaendelea kuonyesha njia ya kiungo, kwa hiyo mtu haoni kwamba yuko kwenye disiki ingine.

Shida ya pili ni pubeli. Fishie ya disiki ingine kwa kawaida inawekwa kwenye pubeli ya disiki ile ile, ndani ya dosie iliyofichwa yenye jina linaloanza na .Trash. Kama programu inashindwa kuipata ao kuitengeneza, inaweza kuuliza: tufute kabisa? Ukijibu ndiyo, pubeli haitakusaidia.

Mbele ya kufuta:

- Angalia kama picha ya fishie iko na mshale mdogo. Huo ni kiungo.
- Kwenye terminali, andika ls -l. Mstari wa kiungo unaanza na herufi l.
- Andika readlink -f na jina la kiungo, uone fasi ya kweli.
- Kwa kutoa kiungo peke yake, andika rm na jina lake, bila alama ya / mwishoni.

Tena, kiungo si kopi. Fishie ya kweli ikifutwa, kiungo kinabaki kikionyesha fasi tupu. Kopi ya kweli kwenye flashi ndiyo inaokoa.