Mahakama ya Mkono wa Damu

Jamani, kwenye filamu za kesi mimi huangalia kitu kimoja tu: nani anapewa nafasi ya kuongea? Huyo ndiye tutakayemwonea huruma, hata kama mikono yake inanuka damu. Mfano mzuri (au mbaya, utajua mwenyewe) ni Carl Peters, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1941. Sisi watu wa Tanga na Pangani inatugusa, maana kampuni aliyoianzisha huyo bwana ndiyo iliyokuja kushika pwani yetu Agosti 1888.

Wazee walimwita Mkono wa Damu. Alipokuwa kamishna huko Kilimanjaro, kati ya 1891 na 1892, aliamuru wanyongwe mtumishi wake Mabruk na msichana aitwaye Jagodja. August Bebel akalipua jambo hilo bungeni Berlin mwaka 1896, na mwaka uliofuata mahakama ya nidhamu ikamfukuza kazi. Basi, kufukuzwa kazi. Kesi ya mauaji hakuna.

Filamu imeligeuza hilo. Hans Albers, nyota mkubwa wa Ujerumani wakati ule, anasimama kama Peters mbele ya wanasiasa na kujitetea kwa uchungu, mzalendo anayesalitiwa na watu wa ofisini. Wabaya wake wamechorwa kama Wayahudi, kama propaganda ya Hitler ilivyotaka. Waliokwenda kamba hawana wakili wala hotuba.

Sasa tuje Pangani. Vita vilianzia hapo, pale mtu wa kampuni, Emil von Zelewski, alipoichezea bendera ya Sultani. Abushiri bin Salim akaongoza mapigano zaidi ya mwaka mzima. Alikamatwa Desemba 1889 na tarehe 15 ya mwezi huohuo akanyongwa Pangani. Siku chache tu! Mwenzake Bwana Heri wa Sadani naye alipigana, akajisalimisha mwaka 1890, akasamehewa. Wote wawili waliwapiga risasi Wajerumani walewale. Kwa maoni yangu tofauti haikuwa sheria. Wissmann alimhitaji Bwana Heri atulize Uzigua, na Abushiri akiwa hai alikuwa hatari. Hukumu ilifuata hesabu hiyo.

Baadaye utawala uliandika kanuni zake, na kiboko kikapewa idadi: hamsa ishirini. Mwenye boma alikuwa mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu, yote kwa kofia moja. Hata mtunzi wa filamu angepata shida kutengeneza kesi hapo, maana hakuna wa kubishana naye.

Upande wetu simulizi ipo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita hivyo mara baada ya kutokea, na ulichapwa miaka mingi baadaye. Ni kazi ya mtu wa hukuhuku, kwa Kiswahili cha Mrima, na ningependa vijana wa Tanga wausome kabla ya kumfahamu Peters kwa picha za Wajerumani.

Lakini kinachonitesa zaidi ni mmoja wa waigizaji. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akapigana bado mtoto katika jeshi la Wajerumani, akahamia Berlin 1929 na kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Kwenye Carl Peters anaigiza Mwafrika mtiifu. Mwaka huohuo wa 1941 Gestapo walimkamata kwa kosa la mapenzi na mwanamke Mzungu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Na mwongozaji, Herbert Selpin, aliyempa Peters utetezi mrefu kiasi kile? Mwaka 1942 aliropoka maneno mabaya juu ya jeshi, akatiwa ndani. Walimkuta ananing'inia kwenye selo.