Muhuri na Kanuni ya Muhuri: Sarafu za Kilwa na Metaklasi

Wafalme wa Kilwa Kisiwani walitoa sarafu za shaba kwa karne kadhaa kabla Wareno hawajaingia mji huo kwa nguvu mwaka 1505. Sarafu hizo ni ndogo, na nyingi zimelika, lakini maandishi yake yana mpango ulio wazi. Upande mmoja hubeba jina la mfalme. Upande wa pili husema kwamba mfalme huyo amtegemea Mungu, kwa sifa ya Mungu iliyochaguliwa ili vina vyake vikubaliane na jina lile. Alipotawala mwingine, fundi hakuhitaji kubuni sarafu upya, wala hakuweza kuuiga muhuri wa jana neno kwa neno: ilimpasa atafute sifa yenye kina cha jina jipya, ndipo achonge. Basi juu ya sarafu palikuwa na muhuri, na juu ya muhuri palikuwa na kanuni ya kuchonga mihuri.

Ngazi hizo tatu ndizo walizozikuta watunga programu za kompyuta katika zama zetu. Katika lugha ya Simula 67, iliyotungwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, klasi ilikuwa kama muhuri, na vitu vilitokana nayo; lakini klasi yenyewe haikuwa kitu ambacho programu ingeweza kukishika. Smalltalk, iliyoundwa na watu wa Xerox huko Palo Alto, iliifanya klasi nayo kuwa kitu. Hapo likazuka swali: klasi yenyewe imetokana na nini? Kwanza zote zilitokana na klasi moja tu, kwa hiyo zote zilizaa vitu kwa namna moja, na aliyetaka klasi yake izae kwa namna nyingine hakuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo. Smalltalk-80 ikaipa kila klasi metaklasi yake, yaani klasi ambayo mzao wake ni klasi.

Haja ilidhihiri zaidi kwa watumiaji wa Lisp. Hao walikuwa na mifumo mbalimbali, kama Flavors na Loops, na programu nyingi zilizokwisha kuandikwa. Mfumo wa pamoja, CLOS, ulipowekwa, haukuweza kumridhisha kila mtu kwa njia moja. Nukta ya ramani ina sifa mbili tu, nazo husomwa kila mara, hivyo yataka hifadhi ya haraka. Habari za mtu zaweza kuwa na nafasi elfu, zikajazwa chache. Kutenga nafasi zote ni israfu. Katika kitabu chao cha mwaka 1991, Gregor Kiczales, Jim des Rivières na Daniel Bobrow walieleza jinsi mtumiaji awezavyo kuandika metaklasi yake, akabadili namna klasi zake zinavyohifadhi sifa, huku klasi za wenzake zikibaki zilivyo. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuitumia: mfumo hupanuka kutoka ndani, bila kumngoja aliyeuunda na bila kuvunja kilichokwisha andikwa.

Gharama yake si ndogo. Kosa la kitu humpata huyo mmoja. Kosa la kanuni huvipata vizazi vyote, na asomaye klasi haoni lilikotoka. Sarafu za Kilwa zaonyesha hayo kwa uchungu, maana kanuni ile nzuri ya vina haikuwa na nafasi ya mwaka. Shaba zote zikatoka bila tarehe, mfalme baada ya mfalme. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200; hazina ya sarafu za fedha iliyopatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, ikawapa wataalamu wengine sababu ya kumrudisha nyuma hadi karne ya 11. Zaidi ya miaka mia moja ya historia ya pwani yategemea neno ambalo muhuri haukuambiwa uliseme.