Mshipi wa Maiko

Geisha wa kwanza nchini Japani walikuwa wanaume, wachekeshaji na wapiga ngoma. Wanawake waliingia kazi hiyo katika karne ya 18 wakaifanya yao. Mjini Kyoto geisha huitwa geiko, na mwanagenzi wake maiko. Nyumba za chai za mtaa wa Gion (chai yenyewe haikuwa biashara yao hasa) hazikumpokea mgeni asiye na mdhamini. Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1872, mfalme akiwa ameshahamia Tokyo: Kyoto, ikitafuta wageni, ilianzisha ngoma ya hadhara ya Miyako Odori, ambayo bado huchezwa mwezi wa Aprili.

Anayejua hutazama mgongo wa maiko: mshipi wa hariri wa mita 5 hivi unaning'inia karibu na visigino, nembo ya nyumba yake ikionekana nchani. Wafumaji wake ni wa Nishijin, mtaa uliorithi jina la kambi ya jeshi la magharibi katika vita vya Onin (1467–1477).