Spishi Kindakindaki, si Spishi Asilia

Spishi kindakindaki ni ile ambayo chimbuko lake la porini limo katika eneo moja tu. Orodha fulani za istilahi, zilizopitishwa na kamati zenye haraka ya kufunga kikao, huiita “spishi asilia”. Jina hilo halifai. Mbuyu ni asilia Kilwa na ni asilia Senegal pia. Kuwa asilia ni kutoletwa, si kukosekana kwingine. “Spishi adimu”, kipenzi cha wapinzani wa kamati hizo, nalo limekosea njia, maana uchache ni hesabu, si mipaka.

Asili ni neno la Kiarabu, shina au mzizi wa kitu, nalo limeshatwishwa mizigo mingi. Kindakindaki lilikuwa la mtu wa nasaba bora, kisha likaenea kwa yeyote ambaye kwao hakuna shaka. Wanaolalamika kwamba linanuka uungwana hawajalisikia likisemwa mitaani. Nguvu yake ni kwamba hufuata chimbuko, si makazi ya leo: Mmvita kindakindaki aliyehamia Muscat hubaki Mmvita.

Mti na buibui wanatosha kulipima. Karomia gigas, mti mrefu wa misitu ya pwani, ulikusanywa kwanza Kenya mwaka 1977, na baadaye ukapatikana Kilwa. Ule wa Kenya ulikatwa. Hata hivyo, kuuita kindakindaki wa Tanzania ni kuifuta Kenya kwenye nasaba yake. Ni kindakindaki wa pwani ya Afrika Mashariki, hata mche wake ukioteshwa Missouri, Marekani.

Tarantula wa buluu, Poecilotheria metallica, alielezwa na mwanazuolojia Pocock mwaka 1899 kutokana na kielelezo kimoja kilichookotwa kwenye yadi ya magogo ya reli, Gooty, India. Kwao si Gooty. Huishi kwenye mashimo ya miti katika msitu ulio kati ya Nandyal na Giddalur, kiasi cha kilomita 100 kutoka hapo, na yaelekea alisafiri na magogo. Leo hufugwa Ulaya na Marekani, akazaliana vizimbani. Hapo “adimu” huanguka: aliyeuzwa kwa posta nchi za mbali ni adimu wa nini? Kindakindaki wa msitu wake ni yuleyule.

Kimatumizi, neno halibadiliki kwa ngeli, nomino yake ni ukindakindaki, na eneo hutajwa daima.