Unapeleka Chai ya Kericho Dubai? Panga Haya Kabla ya Kukata Tiketi

Bonasi ya chai ikishaingia, Litein, Kapkatet na Bomet mjini hukosi kusikia story ya mtu anayepanga kwenda Dubai. Haendi kutafuta kazi, anaenda kutafuta soko.

Sababu haijifichi. Wakulima wa KTDA wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamekuwa wakilipwa bonasi ya chini kuliko wenzao wa upande wa Mlima Kenya, na ile ya 2025 iliwachoma wengi. Ndio maana kuna wasee wameamua kukausha na kupakia chai yao wenyewe: ya kijani, ya zambarau, ya orthodox. Wanataka mnunuzi wa ng'ambo ambaye hatauliza bei ya mnada wa Mombasa.

Plani ni poa. Shida ni kwamba safari ya siku tano Dubai inaweza kumeza faida ya msimu mzima, na urudi na picha za Burj Khalifa pekee.

Jua unauza nini, na kwa nani

Dubai imejaa chai ya Kenya tayari. Ile karak inayouzwa kila kona ni chai nyeusi ya CTC iliyochemshwa ikakolea, na maziwa, sukari na iliki. Hiyo chai inanunuliwa kwa makontena. Ukienda na CTC yako ya magunia kumi, unashindana na watu wanaonunua Mombasa kila wiki. Hapo huwezi.

Na hata sheria inakusukuma upande mwingine. Sheria ya Chai ya 2020 ilitaka chai ya kuuzwa nje ipitie mnada, ila ikaacha mlango kwa orthodox na chai maalum. Kwa hivyo kituo cha kwanza ni Bodi ya Chai, Tea Board of Kenya, uulize usajili na leseni unazohitaji. Mnunuzi serious atakuuliza hizo karatasi kabla hata hajaonja.

Wenye bahati hapa ni watu wa chai ya zambarau. Ile aina ya TRFK 306 ilitoka kwa watafiti wa chai hapo hapo Kericho na ikatolewa kwa wakulima 2011. Hiyo ni story ambayo mtu wa Sri Lanka hana. Wateja wako basi ni hoteli, maduka ya chai na ya zawadi, na wale wanaochanganya chai. Hawa wa mwisho watafute kupitia DMCC Tea Centre, iliyoko Jebel Ali tangu 2005, ambapo chai za nchi nyingi huhifadhiwa, huchanganywa na kupakiwa.

Swali watakalokuuliza wote ni moja: unaweza kutoa kilo ngapi kwa mwezi, na ladha ibaki ile ile? Ukijibu "nyingi tu", kikao kimeisha. Hesabu vichaka vyako, hesabu za majirani mnaoshirikiana, ondoa miezi ya kiangazi, ndio utaje namba. Namba ndogo ya ukweli ni bora kuliko kubwa ya kubahatisha.

Majina kwa makaratasi

Hapa watu wa kwetu huumia sana. Kitambulisho kinasema Cheptoo, cheti cha kuzaliwa kinasema Chepto, na account ya benki ina jina la mzee wako tu. Mtaani kila mtu anakujua, lakini kwa kompyuta hao ni watu watatu tofauti. Nyoosha hiyo kwanza, maana marekebisho huchukua muda kuliko pasipoti yenyewe.

Pasipoti unaomba kupitia eCitizen, halafu unaenda kupigwa picha na alama za vidole. Si lazima ufike Nyayo House, kuna ofisi Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kisii. Kama unayo tayari, hakikisha imebaki na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha.

Za biashara, beba nakala za cheti cha usajili (CR12 kama ni kampuni), PIN ya KRA, cheti cha kulipa ushuru na statement ya benki ya miezi sita. Benki nazo hupenda kuona pesa ikitembea kwa account, kwa hivyo acha kupitisha kila mauzo kwa M-Pesa yako ya kibinafsi.

Visa: hapa ndio watu huingia box

Mkenya anahitaji visa ya UAE kabla ya kupanda ndege. Inaombwa kwa mtandao, mara nyingi kupitia shirika la ndege au ajenti, na kinachohitajika ni nakala ya pasipoti na picha. Mtu akikuambia umwachie pasipoti yenyewe na ganji yote cash, kaa rada. Akiongeza kwamba "visa ya biashara" yake inakuruhusu kuuza pakiti barabarani, huyo toroka. Kuchuuza bila leseni kule ni kosa.

Tiketi chukua ile inayobadilishwa tarehe, hata kama imezidi bei kidogo.

Sampo ndio silaha yako

Usingoje kufika. Tuma sampo za gramu 100 mapema kwa watu ambao mmeshaongea, kisha usafiri kwenda kukutana na wale waliojibu. Kama hakuna aliyejibu, usisafiri bado. Tiketi haitawafanya wajibu.

Kila pakiti iandikwe aina, tarehe ya kuchunwa na mahali ilipotoka. Uliza KEPHIS kuhusu cheti cha afya ya mimea, na upimishe mabaki ya dawa kwa maabara, hilo ni swali halikwepeki. Ukianza kuuza rasmi, lebo itahitaji Kiarabu pia, kwa hivyo usichapishe pakiti elfu tano za Kiingereza saa hii.

Na kuna "wanunuzi" ambao kazi yao ni kuomba sampo za kilo 50 bure kutoka kwa kila mtu. Hao hawanunui. Omba namba ya leseni yao ya biashara na uihakikishe. Hata wa kweli, mzigo wa kwanza usitoke kabla ya deposit.

Tarehe

Gulfood, maonyesho makubwa ya vyakula, huwa mwanzo wa mwaka. Kwa miaka mingi ilikuwa Februari, ya 2026 ikawekwa mwisho wa Januari. Faida ni kwamba wanunuzi wote wako sehemu moja. Hasara ni kwamba hoteli hupanda bei vibaya. Meza yako mwenyewe ni ghali mno kwa mtu mdogo, so uliza KEPROBA mapema kama wanapeleka kundi la Wakenya. Au nenda tu kama mgeni, na sampo kwa begi.

Epuka Ramadhani kama unataka vikao vya mchana. Ijumaa ofisi nyingi hufunga saa sita, na wikendi ni Jumamosi na Jumapili tangu 2022. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu.

Doo na begi

Dirham imefungwa kwa dola, karibu 3.67 kwa dola moja, kwa hivyo kinachokuumiza ni shilingi. Lala Deira, ni nafuu, metro ipo na Kiswahili utakisikia. Ukibeba zaidi ya dola 10,000 taslimu, lazima utangaze JKIA.

Miraa usiguse. Dawa za kikohozi zenye codeine pia acha nyumbani, zinadhibitiwa vikali kule. Na ile "nipelekee kaparseli kwa cousin yangu" jibu ni hapana, hata kama ni jirani.

Mwisho, usitoke Kericho siku ya ndege. Barabara ya Nakuru kwenda Nairobi inaweza kukushika Gilgil masaa, hasa wikendi. Shuka siku moja kabla, au panda ndege Kisumu uunganishe Nairobi. Wa Bomet, njia ya Narok ni fupi, lakini hiyo pia ipe nusu siku.