Wifi ya nyumbani: jua ugonjwa uko wapi mbele ya kununua ruta

Toka Bunia na Butembo mpaka Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, jamaa nyingi sasa ziko na wifi nyumbani. Mwanafunzi anatafuta masomo, mama anauzisha vitenge kwa WhatsApp, baba anaongea na mtoto aliye Kampala ao Ulaya. Lakini malalamiko ni yale yale kila kartiye: "Ku saloni rezo iko, ku chumba ya nyuma hakuna." "Video inazunguka tu." Basi watu wanachanga dola, wanaenda sokoni, wanarudi na ruta mpya yenye antene sita. Kesho yake video inazunguka vile vile, na pesa iliyoenda pengine ilikuwa ya masomo ya watoto.

Ruta, kale kaboksi kenye taa ambako wengi wanakaita modemu, haitengenezi intaneti. Inagawanya tu ile iliyofika. Mtu akishika neno hilo moja, hatadanganywa kwa urahisi sokoni. Hapa tunaeleza namna ya kujua kinachokosa, halafu namna ya kuchagua.

Njia mbili, hapana moja

Mbele ya kufika kwenye telefone yako, intaneti inapita njia mbili. Ya kwanza inatoka kwa kampuni mpaka kwenye ruta: kwa pilone ya simu, kwa kable ao kwa sahani ya satelaiti. Ya pili inatoka kwenye ruta mpaka kwenye telefone, ndani ya nyumba. Wifi ni hiyo njia ya pili tu.

Ikiwa kampuni inakuletea megabiti 5 kwa sekunde, ruta ya bei ndogo na ya bei kubwa zote zitakupa 5. Ni kama maji: ukiweka robine mpya na nzuri, maji hayaongezeki kama bomba linaloingia kwenye kiwanja ni jembamba.

Tena, megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Mbio ya laini inahesabiwa kwa megabiti, lakini mega unazonunua, na ukubwa wa video, ni megabaiti. Video ya megabaiti 700 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde: 700 mara 8 ni 5600, gawa kwa 10, ni sekunde 560. Zaidi kidogo ya dakika 9. Kama inachukua dakika 9, laini yako haigonjwi.

Pima kwanza, na haiombi fundi

Simama metre moja ao mbili karibu na ruta. Fungua fast.com ao speedtest.net, angalia namba, andika. Halafu nenda chumba cha mbali, pima tena. Rudilia asubuhi na magaribi, juu saa za magaribi watu wote wa kartiye wako kwenye intaneti. Usipime mara kumi bure, kila kipimo kinakula mega.

Majibu yako matatu:

Kama karibu na ruta namba ni ndogo na mbali ni ndogo pia, ugonjwa uko kwa njia ya kwanza. Ruta mpya ya wifi haitasaidia. Ongea na kampuni, badilisha forfe, ao jaribu kampuni ingine.

Kama karibu ni nzuri na mbali ni mbaya, ugonjwa uko kwa wifi. Hapo ndipo pa kufanya kazi.

Kama asubuhi ni nzuri na magaribi ni mbaya hata karibu na ruta, mtandao wa kampuni umejaa watu, ao telefone za nyumbani mwenu zote zinavuta pamoja. Zima zote isipokuwa moja, pima tena, utajua.

Hamisha ruta, haina bei

Wengi wanaweka ruta chini, nyuma ya televizyo, ao ndani ya kabati ili watoto wasiishike. Hapo ni pahali pabaya. Iweke juu, kwa kimo cha mtu, katikati ya nyumba, pasipo kitu mbele yake.

Nyumba zetu ziko na mambo yake. Ukuta wa mbao unaacha mawimbi ya wifi yapite bila shida mingi. Matofali ya kuchoma yanapunguza. Beto yenye vyuma ndani, ao ukuta mnene wa mawe ya volkano kama ya Goma, unapunguza sana. Bati ni mbaya kuliko vyote: mawimbi hayapiti ndani ya chuma, yanagonga na kurudi. Aliyejenga chumba cha nyuma kwa manjanja pande zote asishangae rezo ikikosa kuingia. Tangi lililojaa maji na kioo kikubwa vinasumbua pia. Pengine kusogeza ruta metre mbili, ili mlango uwe mbele yake kuliko ukuta, kunatosha.

Gigahezi 2.4 ao 5

Ruta nyingi za leo zinatoa mawimbi ya namna mbili. Ya gigahezi 2.4 yanaenda mbali na yanapita ukuta vizuri zaidi, lakini mbio yake ni ndogo, na yamejaa: majirani wote wako humo, na Bluetooth pia. Ya gigahezi 5 yana mbio sana, lakini yanachoka upesi kwenye ukuta.

Ruta ya 2.4 peke yake inaweza kutosha nyumba ya vyumba viwili yenye laini ndogo. Lakini kama uko katikati ya kartiye iliyobanana, ambako telefone inaonyesha majina kumi ao kumi na tano ya wifi, chukua ruta yenye zote mbili. Tumia 5 kwa saloni na 2.4 kwa chumba cha mbali ao kwa kiwanja. Kwa 2.4, ingia ndani ya ukurasa wa ruta na uchague chaneli 1, 6 ao 11, ile isiyotumiwa sana na majirani. Hizo tatu tu ndizo haziingiliani.

Antene mingi si nguvu mingi

Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Muuzaji anasema: "Hii iko na antene sita, inafika mpaka kule kwa kanisa."

Redio ya FM inatuma sauti mbali, na wewe unasikiliza tu. Redio yako ndogo haijibu. Wifi si hivyo. Wifi ni mazungumzo: ruta inasema, telefone inajibu, kila mara. Hata ruta ikipiga kelele mpaka kwa kanisa, telefone iko na sauti ndogo, jibu lake halitarudi. Utaona alama za rezo zimejaa na hakuna kinachofunguka.

Antene mingi zinasaidia kama ndani ya ruta iko mitambo ya kuzitumia, kwa kupitisha mambo mawili ao matatu kwa wakati moja. Lakini telefone nyingi ziko na antene mbili tu za wifi, na zile za bei ndogo ziko na moja. Tena antene haiongezi nguvu, inaipa mwelekeo tu. Antene ndefu iliyosimama inasukuma mawimbi pembeni na kuyapunguza juu na chini. Nyumba ikiwa ya chini, simamisha antene zote. Ikiwa ya orofa, moja isimame, ingine ilale.

Namna ya kusoma boksi

Juu ya boksi utaona N300, AC1200, AX1500. Herufi zinaonyesha kizazi: N ni Wi-Fi 4, AC ni Wi-Fi 5, AX ni Wi-Fi 6. Namba ni jumla ya mbio ya mawimbi yote, ile ya kiwandani. AC1200 ni 300 za gigahezi 2.4 pamoja na 867 za gigahezi 5. Telefone moja haipate zote mbili kwa pamoja, na ndani ya nyumba ya kweli mara nyingi unapata nusu ao chini.

Kwa laini ya megabiti 20, AC1200 inatosha na inabakiza. Wi-Fi 6 inasaidia pale telefone na kompyuta ni nyingi kwa pamoja, kama ku ofisi, shule ao nyumba ya wapangaji, na lazima telefone nazo ziwe za kizazi hicho. Kama laini yako inapita megabiti 100, angalia tundu za kable nyuma ya ruta: nyingi za bei ndogo zinaishia 100.

Ruta ya kadi SIM

Kwetu wengi wanatumia ruta inayoingia SIM ya Vodacom, Airtel ao Orange. Hii inafanya kazi mbili: inasikiliza pilone na inagawanya wifi. Na kazi hizo zinapigania pahali. Kwa pilone inapenda dirisha. Kwa wifi inapenda katikati ya nyumba.

Anza na dirisha. Ndani ya ukurasa wa ruta tafuta neno RSRP. Namba ni za kutoa: -85 ni nzuri, -100 ni dhaifu, chini ya -110 ni mbaya. Hamisha ruta dirisha kwa dirisha, ngoja dakika moja, soma tena. Kama dirisha zuri liko mbali na vyumba, acha hiyo ruta pale na uvute kable mpaka kwenye ruta ya pili katikati ya nyumba. Kable ya mtandao inaenda mpaka metre 100 bila kupoteza mbio.

Mbele ya kulipa, uliza maneno matatu. Imefunguliwa kwa kampuni zote ao imefungwa kwa moja? Inasikia masafa ya 4G ya kampuni unayotumia? Iko na tundu la antene ya inje? Kwa wanaokaa bondeni ao nyuma ya kilima, kama sehemu nyingi za Bukavu, tundu hilo linaweza kuwa na faida kuliko kitu kingine chote.

Nyumba kubwa

Ile kadude ka kuchomeka kwa prizi ili kuongeza wifi kanasaidia, lakini ka bei ndogo kanakata mbio karibu nusu, juu kanasikia na kusema kwa mawimbi yale yale. Usikaweke ndani ya chumba kisicho na rezo. Kaweke katikati ya njia, pale rezo ingali nzuri. Kama unaweza kuvuta kable na kuweka ruta ya pili ya okazyo kule mwisho, utapata mbio zaidi, na mara nyingi kwa pesa ndogo.

Umeme na radi

Ruta bila umeme ni sanduku tu. Ndogo inakula wati 8 hivi. Batri ya volti 12 na amperi-saa 20 iko na wati-saa 240. Batri ya asidi usiipite nusu, inabaki 120. Gawa kwa 8, unapata saa 15. Usiunganishe batri ya panneau moja kwa moja kwenye ruta ya volti 12, juu wakati wa kuchaji inapanda kupita 14. Weka kifaa cha kushikilia volti 12 katikati.

Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa radi zaidi. Mvua kubwa ikianza kunguruma, chomoa kable ya umeme, na ile ya mtandao pia. Wengi wanasahau hiyo ya pili, na radi inaingia humo.

Mega zinazovuja

Pengine koneksyo ni nzito juu jirani yuko ndani. Badilisha neno la siri la wifi, na lile la kuingia ndani ya ruta pia, lisibaki lile la kiwandani. Chagua WPA2 ao WPA3. Zima WPS. Kama unagawana na mpangaji kwa mapatano, chukua ruta yenye wifi ya wageni na yenye kupima mbio ya kila mtu, ili mtoto wa jirani anayevuta filamu asikate simu ya mgonjwa anayeongea na daktari wake.

Ukifika sokoni

Usinunue boksi bila kuiona ikiwaka. Soma adapta: iandikwe 100–240V. Kama ni ya okazyo, bonyeza kitufe cha kurudisha mambo ya kiwandani, halafu uingie ndani; ikigoma, acha. Weka SIM yako mwenyewe na upime hapo hapo. Omba karatasi yenye jina la duka na siku za garantie.

Na fuata mpango huu wa matumizi: kwanza kupima, pili kuhamisha, tatu kable, nne umeme, mwisho ruta mpya. Jamaa mingi watapata dawa mbele ya kufika namba tano. Atakayefika huko, atakuwa anajua anachotafuta, na muuzaji atajua kama anajua.