Alama Mlangoni, Alama Usoni: Jinsi Mtoto wa Kichina Alivyolelewa Katika Lugha na Sikukuu Zake

Kwa karne nyingi mtoto wa Kichina aliingizwa katika elimu ya wazee wake kwa njia ya vitabu vitatu vidogo, ambavyo vilizoeleka kufundishwa pamoja hata majina yake yakafupishwa na kutajwa kwa mkupuo mmoja: San Bai Qian. Kikongwe kati ya hivyo ni Qianziwen, yaani Maandiko ya Alama Elfu, kilichotungwa na Zhou Xingsi katika karne ya 6 kwa amri ya Mfalme Wu wa ukoo wa Liang. Alama ya Kichina huandika silabi moja ambayo kwa kawaida ina maana yake, na katika kitabu hicho alama 1,000 zimepangwa katika mistari 250 yenye alama nne nne. Baijiaxing, ambayo ni orodha ya majina ya koo, ilitokea mwanzoni mwa enzi ya Song, iliyosimama mwaka 960. Huanza na Zhao kwa kuwa ndilo jina la ukoo uliotawala, kisha hufuata Qian, jina la wafalme wa Wuyue, dola ya kusini-mashariki ambako orodha hiyo inaaminika kutungwa, hivyo kwamba mtoto aliyejifunza majina alijifunza pia nani alikuwa na cheo gani. Cha tatu, Sanzijing, chenye mistari ya alama tatu tatu, hunasibishwa na Wang Yinglin, msomi wa karne ya 13.

Ufundishaji wa vitabu hivyo ulikuwa wa sauti kabla ya kuwa wa macho. Wanafunzi waliimba mistari kwa pamoja, kisha kila mmoja akaitwa mbele, akampa mwalimu mgongo ili asikione kitabu, na kusoma kwa kichwa. Kuandika kulifuata kwa brashi ya wino mweusi iliyopitishwa juu ya alama zilizokwisha kuchapwa kwa rangi nyekundu. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyesoma chuo cha Kurani, akahifadhi Juzuu Amma miaka mingi kabla ya kufahamu tafsiri yake, hatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Wanamageuzi wa mwanzo wa karne ya 20 waliulaani kuwa ni kukariri kikasuku, na lawama hiyo ina ukweli wake, lakini haikutenda haki kwa jambo moja kubwa: ndani ya mstari uleule mtoto alipata alama, historia na adabu kwa wakati mmoja. Sanzijing humtaja Kong Rong, aliyekuwa na umri wa miaka minne alipowaachia ndugu zake mapeasi makubwa, na Huang Xiang, aliyempashia baba yake kitanda wakati wa baridi akiwa na miaka tisa.

Zaidi ya hayo, elimu hiyo haikuishia mbele ya mwalimu, kwa sababu kalenda ya mwaka mzima iliirudia nyumbani. Katika Sikukuu ya Mwaka Mpya wa jadi, milango ilibandikwa karatasi nyekundu zenye beti mbili zinazolingana alama kwa alama, na mtoto aliyekwisha kukariri mistari ya urari alikuwa na sikio la kuutambua urari huo. Siku ya 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya jadi taa za karatasi ziliandikwa vitendawili. Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni wa siku ya tano ya mwezi wa tano, sikukuu iitwayo Duanwu, ambayo wengi huijua kwa mashindano ya mashua zenye umbo la joka na kwa zongzi, yaani wali wa kunata uliofungwa kwa majani. Siku hiyo, katika sehemu nyingi za China, watoto walifungwa nyuzi za hariri za rangi tano mkononi, na mzazi alichovya kidole katika mvinyo uliochanganywa na unga wa madini ya rangi ya chungwa, akamwandika mtoto kwenye paji la uso alama ya neno "mfalme", ambayo Wachina huiona pia katika michirizi ya kichwa cha chui-milia, ili imkinge na maradhi na wadudu wenye sumu. Mtoto huyo aliyavaa maandishi ya lugha yake mwilini hata kama hajaweza kuyasoma.

Mageuzi yalikuja kwa kasi. Mitihani ya kifalme ya kuajiri maofisa ilifutwa mwaka 1905. Jamhuri iliyochukua nafasi ya ufalme ilianza kutumia kalenda ya jua mwaka 1912, badala ya ile ya jadi iliyopanga sikukuu. Na mwaka 1920 Wizara ya Elimu iliagiza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mazungumzo badala ya ile ya kale. Kitabu cha kusomea cha Kaiming cha mwaka 1932, kilichoandikwa na Ye Shengtao na kuchorwa na Feng Zikai, kilikuwa miongoni mwa matunda mazuri ya zama hizo, kwa kuwa kilimpa mtoto dunia yake mwenyewe. Uandishi uliorahisishwa ulitangazwa mwaka 1956, na Pinyin, mfumo wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kirumi ulioongozwa na Zhou Youguang pamoja na wenzake, uliidhinishwa mwaka 1958. Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, na mwaka 1967 hata likizo ya Mwaka Mpya wa jadi iliondolewa. Pinyin ilimfungulia mtoto mlango wa kusoma kwa wepesi ambao babu zake hawakuupata, lakini sikukuu zilizofungwa kwa amri zilimnyima mahali pa kuyaona maandishi hayo yakiishi. Qingming, ambayo ni siku ya kuzuru makaburi, pamoja na Duanwu na sikukuu ya katikati ya majira ya vuli, zilifanywa siku za mapumziko ya kitaifa mwaka 2008 tu.

Ughaibuni uzi unaounganisha lugha na sikukuu haukukatika kwa namna hiyo. Huko Penang, katika Malaysia ya leo, shule ya Kichina ya mtindo mpya ilifunguliwa mwaka 1904, na sasa nchi hiyo ina zaidi ya shule za msingi 1,200 zinazofundisha kwa Kichina, ambazo huwapokea pia watoto wasio wa asili ya China. Kwa Afrika, Taasisi ya Confucius ya kwanza, yaani taasisi ya kufundisha lugha na utamaduni wa Kichina, ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na mwaka 2019 Kenya ilitangaza mpango wa kukiingiza Kichina katika shule zake za msingi. Wanaotunga vitabu vya mpango wa aina hiyo wanaombwa wasiitenge sikukuu na alama zake, wala wasiiweke sikukuu katika ukurasa wa picha mwishoni mwa kitabu, bali waanze nayo.